Kompyuta zabashiri njaa kwa bei zetu, basi nasi tuonyeshwe majibu

Msomaji wa ukurasa huu hutazama kwanza safu ya mahindi, halafu maharage, halafu mchele, ndipo ashuke kwenye hisa na viwango vya fedha za kigeni. Anachotafuta ni kimoja tu: gunia aliloweka ghalani alifungue leo au asubiri? Wachache wetu hukumbuka kwamba namba hizo hizo zina kazi ya pili. Siku hizi huingizwa kwenye kompyuta, zikachanganywa na takwimu za mvua na picha za setilaiti, ili zijibu swali zito kuliko la gunia: ni kaya zipi za walalahoi zitakazokosa mlo miezi mitatu au sita ijayo?

Hoja ya makala haya ni kwamba utabiri huo ni taarifa ya soko kama zilivyo taarifa nyingine za soko, na unastahili kutangazwa wazi kama inavyotangazwa bei. Lakini yapo mengine yanayofuatana na hilo. Utabiri hata uwe sahihi namna gani, kama hapana fedha inayofika mkononi mwa kaya iliyotabiriwa, hakuna mfanyabiashara atakayepakia lori kwenda huko. Tuseme ukweli baina yetu. Mfanyabiashara hafuati njaa, hufuata fedha.

Kwanza tuelewane juu ya utaalamu wenyewe, maana umezungukwa na maneno makubwa. Kompyuta hapa haipewi kanuni na mtu. Hupewa mifano mingi ya yaliyokwisha kutokea: kaya hii iliezeka kwa nyasi, ina simu moja, iko kilometa kadhaa kutoka gulioni, mwaka ule mvua ilichelewa, bei ya mahindi ilipanda kiasi fulani, na mwisho wake ilikosa chakula. Kaya ile ya pili ilikuwa na bati na ng'ombe wawili, nayo ilinusurika. Baada ya maelfu ya mifano ya namna hiyo, kompyuta hujitafutia yenyewe ni dalili zipi huenda pamoja na njaa, kisha hupewa kaya ambazo haijapata kuziona na kutakiwa ikisie. Wakisema mashine inajifunza, maana yake ni hiyo tu.

Mwenye duka la mtaani huufanya utaalamu huu bila umeme. Anajua nani alikuwa akinunua unga kilo tano na sasa ananunua kilo moja moja, nani amehama kutoka chupa ya mafuta hadi mafuta ya kupima, na ukurasa wa nani katika daftari la madeni umejaa kabla ya katikati ya mwezi. Tofauti ni kwamba daftari la duka lina kaya arobaini, na kompyuta inaweza kubeba nchi nzima.

Kinachobashiriwa hasa ni nini? Hapa wengi hudhani ni tani za chakula. Sivyo. Kuna kipimo kinachotumiwa sana na mashirika ya chakula, nacho ni maswali matano kuhusu siku saba zilizopita. Je, ni siku ngapi mlikula chakula cha hali ya chini msichokipenda? Siku ngapi mlikopa chakula au kuomba kwa ndugu? Siku ngapi mlipunguza kiasi cha chakula sahanini? Siku ngapi watu wazima waliacha kula ili watoto wale? Siku ngapi mlipunguza idadi ya milo? Kila siku ya kukopa huhesabiwa pointi 2, kila siku ya watu wazima kujinyima huhesabiwa 3, na hayo mengine matatu ni pointi 1 kwa siku. Kaya iliyokula chakula duni siku tano, ikakopa siku mbili, na wazazi wakalala njaa siku moja, ina pointi 5 na 4 na 3, yaani 12. Kwa vipimo vya kimataifa vya hali ya chakula vyenye ngazi tano, vilivyoanzia Somalia mwaka 2004, pointi 4 hadi 18 huiweka kaya katika ngazi ya pili, yaani imebanwa. Ikifika 19 imeingia kwenye ngazi ya tatu au zaidi, nayo ya tatu huitwa hali ya mgogoro. Ngazi ya tano ni baa la njaa.

Nimeyaeleza kwa kirefu kwa sababu karibu kila swali katika hayo matano ni swali la mkoba. Kaya haikopi chakula kwa sababu nchi haina mahindi. Hukopa kwa sababu haina fedha ya kuyanunua leo.

Mchumi Amartya Sen aliyaandika haya mwaka 1981 alipochambua baa la njaa la Bengal la 1943. Alionyesha kuwa mamilioni hawakufa kwa kuwa mchele ulikwisha nchini, bali kwa kuwa bei iliwapita vibarua, wavuvi na mafundi ambao ujira wao haukupanda. Kwa mfugaji wa Marsabit au Longido hesabu ni ile ile, ila yeye mshahara wake ni mbuzi. Tuchukue mfano wa kubuni: mbuzi sh. 80,000 na gunia la mahindi sh. 80,000, basi mbuzi mmoja kwa gunia moja. Ukame ukija, mbuzi amekonda na kila mtu anauza, bei imeshuka hadi sh. 40,000, wakati gunia limefika sh. 120,000. Mtu wa mjini atasema mahindi yamepanda kwa nusu. Mfugaji anajua yamepanda mara tatu, maana gunia sasa ni mbuzi watatu. Uwiano huo wa mbuzi na mahindi ndio ambao wachunguzi wa ukame wa Kenya na Somalia huutazama kila mwezi, na kompyuta ikipewa bei zote mbili hujifunza haraka.

Ikumbukwe kwamba zamani isingeweza kujifunza. Enzi za Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, bei ya sembe ilipangwa Dar es Salaam na ilikuwa moja nchi nzima, hata palipokuwa hapana sembe. Njaa ilionekana kwenye foleni na kwenye magendo, haikuonekana kwenye bei. Ni mageuzi ya biashara ya nafaka yaliyoanza katikati ya miaka ya 1980 yaliyoifanya bei ya Kibaigwa iwe na jambo la kusema. Wanaolaani soko huria wangekumbuka angalau hilo.

Sasa je, mashine inaweza? Mwaka 2016 watafiti wa Stanford walitumia picha za setilaiti za mchana pamoja na mwanga wa usiku kukisia umaskini wa vijiji katika nchi tano, Tanzania ikiwemo pamoja na Uganda, Rwanda, Malawi na Nigeria. Mapaa, barabara na mashamba viliisaidia kompyuta kutofautisha walio maskini na walio maskini zaidi. Mwaka 2019 Erin Lentz na wenzake walichapisha kazi yao juu ya Malawi, wakichanganya bei za masoko, mvua na mali za kaya, na utabiri wao ulizidi ule uliotegemea tathmini za kawaida peke yake. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, tangu 2020 lina ramani ya njaa ambamo kompyuta hukisia hali ya sehemu zisizo na takwimu za karibuni. Kwa hiyo jambo hili limekwisha toka vyuoni.

Lakini mwekezaji mwenye busara haangalii faida tu bila kuuliza hesabu imefanywaje, na hapa ndipo pa kuwa macho. Ukiambiwa mashine fulani ni sahihi kwa asilimia 92, usipige makofi bado. Tuseme katika kaya 100 za wilaya, kaya 8 ndizo zitakazolala njaa. Mashine inayosema "wote wameshiba" itakuwa sahihi kwa kaya 92, na haitakuwa imemwona hata mwenye njaa mmoja. Asilimia 92, kazi bure! Swali la kuuliza ni jingine: kati ya wale wanane, imewataja wangapi? Na kati ya wote iliowataja, wangapi walikuwa wameshiba? Makosa haya mawili hayana gharama sawa. Ukimpelekea fedha asiyekuwa na njaa umepoteza fedha, naye atazitumia dukani hata hivyo. Ukimsahau mwenye njaa, atauza mbuzi jike, kisha jembe, kisha atamtoa mtoto shule, na mwakani hatakuwa mteja wa mtu yeyote.

Vile vile mashine huona inachoonyeshwa. Setilaiti huhesabu ukijani, na mti wa mathenge ulioenea katika maeneo makavu ya Kenya hubaki kijani wakati nyasi zimekwisha. Kutoka angani malisho yamo, kutoka ardhini ng'ombe wamelala. Mjini ni vibaya zaidi. Taa za Manzese huwaka usiku kama taa nyingine, mabati yanang'aa, na mvua ya wiki hii haimwambii mtu chochote juu ya mlo wa mpangaji wa chumba kimoja ambaye hununua kila kitu, hadi maji. Njaa yake hupimwa kwa vitu viwili, bei ya unga na ujira wa kibarua wa siku. Bei tunaipata. Ujira hauandikwi sokoni, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo safu inayokosekana katika taarifa zetu zote za soko, pamoja na za ukurasa huu.

Nchini Togo mwaka 2020, wakati wa korona, serikali na shirika la GiveDirectly walitumia mashine iliyojifunza kutoka kwenye rekodi za simu za mkononi kuchagua watu maskini wa vijijini wa kupewa fedha. Tathmini iliyochapishwa 2022 ilionyesha kuwa njia hiyo ilikosea kidogo kuliko kugawa kwa kutazama eneo tu, lakini kama kungekuwapo daftari kamili la kaya maskini, daftari lingefanya vizuri zaidi. Nasi Tanzania tunalo daftari la namna hiyo katika TASAF, hata kama lina upungufu wake. Mashine na ije iongeze, isije ikawa kisingizio cha kuacha kuhesabu watu.

Tugeukie lililo gumu. Somalia mwaka 2011 haikukosa utabiri. Mtandao wa tahadhari ya njaa wa Wamarekani, FEWS NET, ulianza kuonya tangu Agosti 2010. Baa la njaa likatangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011, karibu mwaka mzima baadaye. Watu wapatao 258,000 walikufa kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vita na vikwazo vya kufikisha misaada vilichangia, hilo halina ubishi. Lakini onyo lilikuwapo mezani, na hakuna mtu aliyekuwa ameandika mapema kwamba onyo likifika kiwango fulani, fedha kiasi fulani zitatoka siku fulani.

Jirani zetu Wakenya walijaribu kuandika. Mpango wao wa fedha za kujikimu katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, katika awamu ya pili iliyoanza 2013, ulikuwa ukilipa kaya zipatazo 100,000 kila baada ya miezi miwili. Kaya nyingine za kaunti hizo nazo ziliandikishwa, ili kipimo cha ukijani cha setilaiti kikishuka hadi kiwango kilichowekwa, zilipwe bila kusubiri kikao cha wakubwa. Malipo ya dharura ya namna hiyo yalianza 2015. Tazama kwamba hapo hapakuwa na mashine yenye akili nyingi, ni kipimo kimoja na mstari mmoja. Kilichofanya kazi ni kwamba mstari ulifungwa kwenye akaunti ya benki. Utabiri bora usiofungwa kwenye akaunti yoyote hauifikii kaya.

Na fedha hiyo huishia wapi? Dukani. Utafiti uliofanyika Siaya katika vijiji 653, ambako kaya zaidi ya 10,000 zilipewa dola zipatazo 1,000 kila moja, ulikadiria kuwa kila dola moja iliyoingia ilizalisha shughuli za uchumi za karibu dola mbili na nusu katika eneo hilo, huku bei zikipanda kwa kiasi kisichofikia hata asilimia moja. Waliofaidika ni pamoja na wenye maduka, mashine za kusaga na waajiri wadogo ambao hawakupewa chochote. Siaya, bila shaka, haikuwa na ukame, na malori yalipita. Mahali ambapo barabara imekatika au lori haliruhusiwi, kumwaga fedha kutapandisha bei tu. Ndiyo maana utabiri unamhusu mwenye lori mapema, kabla ya mwenye njaa kupewa fedha, ili fedha ikifika ikute gunia limekwisha fika.

Wapo watakaosema kumwonyesha mfanyabiashara utabiri wa njaa ni kumpa fisi bucha. Atanunua, atafungia ghalani, atasubiri. Hofu hii ina mizizi na sitaibeza. Lakini utabiri uliofichwa haufichiki kwa wote. Kampuni kubwa ina uwezo wa kununua picha za setilaiti na kuajiri vijana wa takwimu, nayo itajua. Asiyejua ni mchuuzi mwenye gunia hamsini, ambaye akisikia kwa mwaka huu kwamba wilaya fulani itapungukiwa Februari, angepeleka Desemba. Wachuuzi mia wakipeleka Desemba, bei ya Februari haifiki kileleni. Siri humnufaisha mwenye ghala kubwa peke yake.

Mfano wa karibuni tunao. El Niño ilitangazwa katikati ya 2023, na inajulikana siku nyingi kwamba mara nyingi huleta mvua nyingi kwetu na ukame kusini mwa Afrika. Mafuriko yalikuja Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka huo. Mapema 2024 Zambia na Malawi zilitangaza hali ya maafa kwa sababu ya ukame, na mwaka huo huo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wakaingia makubaliano ya kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Aliyesoma habari za hali ya hewa za Julai 2023 kama habari za biashara alikuwa na miezi kadhaa ya kujipanga, mkulima wa Rukwa akiwa mmojawapo kama angeambiwa.

Kitu kimoja ambacho mashine haitabashiri ni waziri atasema nini Jumatatu. Tanzania ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi 2011 na tena 2017. Kenya nayo ilizuia mahindi yetu na ya Uganda Machi 2021 kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikalegeza kwa masharti. Kila zuio la namna hiyo huvuruga uhusiano wa bei ambao mashine ilijifunza kwa miaka, na utabiri wa msimu huo unabaki kubahatisha. Serikali inayotaka kubashiri njaa kwa bei haina budi kuziacha bei zizungumze. Ikifunga mpaka kila mara hofu ikizuka, itakuwa inavunja kipima joto chake yenyewe, na mkulima wa Sumbawanga ndiye atakayelipa gharama ya kioo.

Limebaki suala la nani analipia takwimu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, FEWS NET, iliyokuwapo tangu 1985, ilizimwa, na taarifa zake za bei na tahadhari za nchi nyingi zikatoweka hewani hadi katikati ya mwaka huo zilipoanza kurejea. Miaka arobaini ya kazi iliondolewa kwa amri iliyotiwa saini Washington. Benki zetu zenye mikopo ya msimu, kampuni za bima ya mazao na mifugo, wasagishaji, soko la bidhaa la TMX, wote hawa hujipatia riziki kwa kujua mavuno na bei zitakuwaje, na wanahisa wadogo wanaosoma ukurasa huu ndio wenye mali yao kwa sehemu. Mkutano mkuu wa mwaka ni mahali halali pa kuuliza benki yako inachangia nini katika kukusanya bei ambazo mikopo yake inazitegemea.

Tanzania tunao mfumo wa uchambuzi wa uhakika wa chakula na lishe, MUCHALI, na wizara ya biashara hukusanya bei za jumla za mazao makuu. Kazi iliyobaki si ya gharama kubwa. Utabiri wa kila wilaya utolewe kwa Kiswahili tarehe moja ya kila mwezi, ukiwa na kiwango cha makosa yake ya miezi iliyopita, na ubandikwe kwenye magulio pamoja na kupelekwa magazetini saa ile ile. Karani wa bei anayesimama Tandale au Kibaigwa na kalamu yake aongezewe mstari mmoja katika fomu: kibarua wa kupakua magunia amelipwa shilingi ngapi leo.